Ofisi ya ushauri wa mipango miji, Mwenge: kipi kilistahili pesa yangu, kipi hakikustahili

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Tatu ni za kikao cha kwanza, nusu ni ya risiti. Moja na nusu iliyobaki waliipoteza wenyewe njiani, na nitasema wapi.

Jina la ofisi silitaji. Mabaya yao nimeshawaambia usoni, na kwa jinsi ofisi za namna hii zilivyojaa kuanzia Mwenge mpaka Sinza Mori, ukitaja moja unawaacha wengine wenye ugonjwa huohuo wakicheka. Kinachokufaa wewe unayetaka kujenga ni kujua kazi ipi ya watu hawa inanunulika na ipi uifanye mwenyewe.

Kazi yangu ilikuwa hii. Mama yetu ametuachia kiwanja Sinza, kati ya Kumekucha na Mori, ndani kidogo kutoka barabara ya lami. Kina nyumba ya vyumba sita yenye uwani, bati limekula kutu, wapangaji wamehama. Ndugu tumekaa, tumekubaliana: tubomoe, tujenge fremu za maduka chini na nyumba za kupangisha juu. Jukumu likaniangukia mimi kwa sababu nina duka la vifaa vya ujenzi Shekilango, na katika ukoo wetu anayeuza nondo anahesabiwa kuwa mhandisi.

Bei zao, ili tuelewane mapema. Ushauri wa mwanzo ni shilingi 150,000. Kuombewa kubadili matumizi ya ardhi kutoka makazi kwenda makazi na biashara ni shilingi 2,800,000, unalipa kwa awamu mbili. Kuombewa kibali cha ujenzi ni shilingi 1,200,000. Ada za serikali, tangazo la gazeti na michoro ya jengo vyote viko nje ya bei hizo, na hilo wamelikandamiza chini kabisa ya mkataba kwa herufi ndogo. Wakati wa kujadiliana bei ulizia kila kitu kilicho nje, kimoja kimoja.

Sasa kikao cha kwanza, maana ndicho kilichonifanya niandike.

Anayekupokea ni dada mmoja wa makamo, miwani imening'inia shingoni kwa kamba. Cheti chake cha Bodi ya Usajili wa Wataalamu wa Mipangomiji kiko ukutani, na kabla sijakaa vizuri aliniambia nikipige picha nikakihakiki. Bodi hiyo ipo kwa sheria yake yenyewe, Na. 7 ya mwaka 2007, na mtu asiyesajiliwa hana ruhusa ya kukuuzia utaalamu huo. Madalali wetu wengi wa Sinza wanaojiita washauri hawana cheti chochote zaidi ya kitambulisho cha NIDA.

Nilikwenda na picha ya jengo kwenye simu, vioo vya bluu, vibaraza vya chuma. Hakuitazama. "Dada, hiyo baadaye. Nipe hati."

Akafungua hati ya mama mpaka kwenye masharti ya miliki, akaweka kidole kwenye mstari wa matumizi: makazi. Nikamwambia kuwa mtaani kwetu kuna baa tatu, gesti mbili, saluni zisizo na idadi na duka la dawa, na zote ziko kwenye nyumba zilizopimwa siku moja na ya kwetu. Akacheka. "Nimepita mtaa wenu jana, nimeziona. Lakini ofisa atakayepokea faili lako hasomi mtaa. Anasoma hii." Akagonga hati kwa kalamu.

Hapo ndipo akanielekeza sheria kwa lugha ya mtu mzima. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007, iliyofuta ile ya mkoloni ya mwaka 1956, inataka mtu asiendeleze ardhi ndani ya eneo la mipango bila ridhaa ya mamlaka ya upangaji, na mamlaka hiyo ni halmashauri yako. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 kwa upande wake inaichukua hati kuwa mkataba: ukivunja sharti la matumizi, umevunja mkataba, na milki inaweza kufika mpaka kufutwa. Kanuni za mwaka 2018 ndizo zinazopanga matumizi kwa makundi na kutoa viwango vya nafasi. Kwa hiyo wenye baa za mtaani kwetu hawajaruhusiwa na mtu, wanaishi tu kwa kutoguswa. Siku wakitaka kibali cha kujenga ghorofa, au mkopo wa benki kwa dhamana ya baa, hati itawauliza swali lilelile ililoniuliza mimi.

Jambo la Sinza lilinifungua macho zaidi, na nakiri nililipenda kuliko nilivyotegemea kwa ushauri wa kulipia. Viwanja vya Sinza, pamoja na vya Kijitonyama na Mikocheni, vilipimwa miaka ya 1970 chini ya mradi wa viwanja na huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Nia ilikuwa familia ya kipato cha kawaida ipate kiwanja kidogo chenye barabara na maji, ijijengee kidogo kidogo. Mpango Kabambe wa jiji wa 1979 ulikuja ukiwa wa miaka 20. Miaka 20 ikaisha, jiji likaendelea kukua kwa mpango uliokwisha muda, mpaka ukaja huu wa 2016 hadi 2036. Sensa ya 1978 iliikuta Dar es Salaam na watu 843,090, ya 2022 ikaikuta na 5,383,728. Sisi tunataka kuweka fremu na familia kadhaa kwenye kiwanja kilichokatwa kwa ajili ya baba, mama, watoto na kuku.

Kisha akachukua karatasi ya miraba na rula ya vipimo, akachora kiwanja chetu: mita 12 kwa 24, yaani mita za mraba 288. Akaanza kunyang'anya. Mbele akaacha nafasi ya barabara na ya waenda kwa miguu. Pembeni kulia, pembeni kushoto, nyuma. Akaweka ngazi, kwa sababu ghorofani hakupandwi kwa kamba. Akaweka shimo la majitaka na njia ya gari la kunyonya kulifikia. Akaweka magari ya wapangaji. Kila mstari aliochora nilikuwa naona fremu moja inaondoka.

Halafu akanieleza vipimo viwili ambavyo mafundi wetu hawavitaji kamwe. Cha kwanza ni sehemu ya kiwanja inayoruhusiwa kufunikwa na jengo. Cha pili ni uwiano wa sakafu zote ukizijumlisha na ukubwa wa kiwanja. Akanipa mfano tu, akasisitiza ni mfano: tuseme eneo lako linaruhusu kufunika nusu, na uwiano ni moja. Chini utapata mita za mraba 144. Sakafu zote kwa pamoja haziwezi kuzidi 288. Basi ukitumia 144 chini na 144 juu, umemaliza, sakafu ya tatu huna. Ukiitaka ya tatu, kila moja ishuke hadi 96. Vipimo vyako halisi unavitafuta kwenye kanuni na kwenye mpango wa eneo lako, na alinifungulia kurasa zenyewe nikasoma mwenyewe. Nimeuza saruji kwa watu waliojenga ghorofa nne kwenye viwanja kama hivi na sikuwahi kusikia hata mmoja anayataja mahesabu haya.

Akamalizia na mto. Wengi mnajua Mto Ng'ombe unavyopita kwetu na kuingia Tandale. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru, ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au ufukwe. Alipima kwenye picha ya setilaiti kutoka ukingo hadi kwenye bikoni yetu ya nyuma, lile jiwe la mpaka, tukawa mbali kabisa. Lakini alinionyesha viwanja vingine pale pale kwenye kioo, vya watu nisiowajua, ambavyo vilinifanya nikae kimya. Kama unanunua karibu na Mto Ng'ombe, bonde la Msimbazi au ufukwe wa Kunduchi, mwambie muuzaji mpime kwanza kwa futi kamba kabla ya chai. Na ukinunua kando ya barabara kuu usisahau hifadhi ya barabara, ule ukanda wa pembeni uliotengwa kwa ajili ya barabara. Waliobomolewa Kimara mwaka 2017 wengine walikuwa na nyumba nzuri kuliko zetu sisi sote.

Mwisho wa kikao akanipa karatasi moja, kurasa mbili, ya gharama zitakazokuja baada ya kujenga. Kodi ya pango la ardhi inapanda matumizi yakiwa na biashara. Kodi ya majengo, ile inayokatwa kwenye LUKU, kwa nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi, lakini kwa ghorofa ni 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu. Hati ya zamani inarudishwa na kutolewa mpya yenye matumizi mapya, na hilo nalo lina ada zake. Hakuna fundi wala dalali aliyewahi kunipa karatasi ya namna hiyo. Kwa 150,000, ninge­rudi kesho kwa kiwanja kingine chochote.

Nilimuuliza pia kuhusu sera mpya, maana madalali wamepata wimbo. Rais Samia alizindua Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995, toleo la 2023, mwezi Machi 2025, na tangu hapo kila mwenye kiwanja cha utata anakwambia "sera mpya imeruhusu". Jibu lake lilikuwa fupi: sera inaonyesha serikali inakoelekea, ofisa anafanyia kazi sheria na kanuni zilizopo leo. Mtu akikwambia sera imeruhusu, mwambie akuonyeshe kifungu cha sheria au kanuni. Akishindwa, beba pochi yako.

Hizo ndizo nyota tatu. Sasa tushuke.

Tangazo. Ukiomba kubadili matumizi, lazima umma ujue: bango linasimikwa kwenye kiwanja na tangazo linatoka gazetini, ili jirani mwenye pingamizi aseme. Kazi hii wanampa kijana wa ofisi, na kijana alikosea herufi ya kitalu, yaani ya kundi la viwanja ambamo kiwanja chetu kimo. Bango likasimama kwenye kiwanja chetu likitangaza kiwanja cha watu wengine, na gazeti likachapa hivyo hivyo. Aliyegundua ni jirani yangu wa nyuma, mzee mstaafu wa bandari, ambaye husoma kila kilichoandikwa mtaani, hata matangazo ya waganga wa jadi. Nikapiga simu ofisini. Wakasema sawa, tutarudia, tuma hela ya gazeti.

Mimi? Nitume tena? Nikawaambia kosa si langu na mkataba ninao mezani. Tukavutana, wakaja na hoja kuwa mkataba unasema tangazo liko nje ya bei. Ndiyo, liko nje, na mara ya kwanza nililipa. Mwishowe tukagawana nusu kwa nusu, na hadi leo naona nusu yangu ni deni lao kwangu. Robo nyota iliondoka hapo.

Jirani huyohuyo ndiye aliyeondoa robo nyingine, na hapa ofisi ilinisikitisha zaidi kuliko kwenye herufi. Waliposikia kuwa mzee ana manung'uniko, walimtuma kijana yule yule na barua iliyokwishachapwa, "mimi jirani sina pingamizi", imebaki sahihi tu. Kijana akabisha hodi, akanyoosha karatasi. Mzee akamwambia: "Mwanangu, mimi sisaini karatasi ya mtu ambaye hajanisalimia." Akafunga geti.

Jioni nikaenda mwenyewe. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, karibu ndani. Tukaongelea msiba wa mama kwanza, kisha Simba na Yanga, kisha ndipo likaja la ghorofa. Kumbe hakuwa na tatizo na maduka. Alikuwa na mambo matatu. Madirisha ya ngazi yasitazame uwani kwake ambako wajukuu wa kike wanaoga nje wakati maji yakiwa hayatoki. Maji ya mvua ya paa letu yasimwagikie kwake. Na msingi: anaogopa tutakapochimba ukuta wake utapasuka. Akaniuliza, "Si uliona Kariakoo?"

Niliona. Jengo la Kariakoo liliporomoka tarehe 16 Novemba 2024 na watu wakafukiwa, na wale tuliokuwepo mjini mwaka 2013 tulikumbuka lile la mtaa wa Indira Gandhi lililoua watu 36. Baada ya Kariakoo jirani yeyote wa Dar es Salaam anayesikia neno ghorofa anauliza nani mhandisi, na ana haki. Mzee aliuliza maswali ambayo ofisi niliyoilipa haikuwahi kuniuliza.

Nikapeleka mambo yake matatu kwa msanifu majengo. Madirisha ya ngazi yakahamia upande wa barabara, mfereji wa paa ukachorwa uelekee mtaroni mbele, na mhandisi akaandika jinsi ya kuchimba msingi kwa vipande karibu na ukuta wa jirani. Mzee akaandika barua yake mwenyewe kwa mkono, kurasa moja na nusu, mwandiko wa shule ya zamani. Dada wa mipango miji alipoisoma alisema hajawahi kuweka kiambatisho kizuri kama hicho kwenye faili. Nikamuuliza mbona basi anamtuma kijana na barua ya kuchapwa. Hakuwa na jibu, akabadilisha mada.

Nyota moja na nusu waliyoipoteza ninaigawa hivi: nusu ni ya tangazo na jirani kwa pamoja, nisije nikaonekana nina kinyongo. Nyota kamili ni ya ufuatiliaji.

Neno "kufuatilia" ndilo linalowalisha watu hawa, na ndilo linalokufa taratibu. Zamani kufuatilia kulikuwa kazi kweli: uende masjala, uulize faili liko meza gani, urudi kesho. Leo maombi ya kibali cha ujenzi yanaingia kwenye TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri. Unajisajili, unapakia michoro na hati, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, na hatua za ombi unaziona mwenyewe ukiwa umekaa dukani. Mfumo wenyewe niliupenda. Unasomeka kwa Kiswahili, namba ya malipo haichelewi, na ukipungukiwa kitu unaandikiwa kipi.

Tatizo ni kwamba ofisi yangu iliweka namba yao ya simu kwenye ombi langu. Ujumbe wote ukawa unakwenda kwao. Nikiuliza, jibu ni moja: "Liko mezani, dada, tunalifuatilia." Wiki zikaenda. Siku moja nikang'ang'ania niingie mwenyewe nione. Ombi lilikuwa limesharudishwa zamani kwa sababu mchoro wa nguzo na nondo haukuwa na muhuri wa mhandisi. Ulikuwa upungufu wa kumalizwa kwa mchana mmoja, mhandisi wangu ana ofisi Kijitonyama. Hakuna aliyenipigia. Kijana alikuwa amebadilisha simu.

Kodi ya pango la duka langu inalipwa kila mwezi, na familia ilikuwa imeshahamisha vyombo tayari kwa kubomoa. Kuchelewa kwao kulikuwa na bei, na bei hiyo haikuandikwa kwenye mkataba wao, ila sasa nimejua mahali pa kuiandika kwenye mkataba ujao.

Kwa haki, yule dada mkuu alipojua alinipigia mwenyewe, akaomba radhi bila kuzungukazunguka, na ndani ya muda mfupi muhuri ukawa umegongwa na ombi limerudi kwenye mfumo. Namba ya simu ikawa yangu. Kuanzia hapo sikuhitaji kumuuliza mtu.

Kitu kingine kizuri cha kuwasifu, nisije nikasahau: hawakunibana nichukue msanifu wao. Ofisi nyingine niliyoulizia kabla, mitaa ya Bamaga, walitaka kila kitu kipite kwao, mpaka mchoro, kwa bei ya kutupwa. Dada alinionya wazi kuhusu michoro ya bei ya kutupwa yenye mihuri ya kuazima, muhuri ni wa mtu ambaye hajawahi hata kukiona kiwanja. Akaniambia niulize jina la msanifu na mkadiriaji kwenye bodi yao ya AQRB, la mhandisi kwenye bodi ya wahandisi, ERB, la mkandarasi kwenye bodi ya makandarasi, CRB, na kwamba bango la mradi litakalosimama mbele ya kiwanja lazima liwe na majina ya watu hao hao niliowahakiki. Mimi nauza nondo kwa mafundi. Najua jengo ambalo bango lake lina majina ya watu wasiofika. Mafundi wa majengo ya namna hiyo wanafahamika kwa kununua nondo nyembamba kuliko zilizochorwa.

Kuhusu mazingira, kwa jengo la ukubwa wetu hakutia chumvi. Kanuni za tathmini ya mazingira zilirekebishwa mwaka 2018, miradi ikapangwa kwa makundi, na si kila mradi unaburuzwa kwenye tathmini kamili. Alituelekeza kundi letu na nyaraka zake, basi. Nimesikia wenzangu wameuziwa ripoti nene ambazo hakuna aliyewaomba.

Nani aende kwao, basi. Kama una hati, una kiwanja kidogo cha maeneo ya zamani kama Sinza, Kijitonyama, Magomeni, Tabata, na unataka kuchanganya makazi na biashara, lipa kile kikao cha 150,000 kabla hujampa msanifu hata shilingi. Mchoro mzuri uliochorwa bila kujua vipimo vya kiwanja utarudi kuchorwa upya na utalipia mara mbili. Kazi ya kubadili matumizi wape pia, kwa sababu ripoti yake inataka mtaalamu aliyesajiliwa na kamati ya mipango miji ya halmashauri itaisoma. Ila bango na tangazo visome mwenyewe neno kwa neno kabla havijatoka, na kwa majirani nenda mwenyewe na salamu zako.

Kama huna hati, uko kwenye eneo la urasimishaji, yaani mtaa uliojengwa bila kupimwa ambao sasa unapimwa ili watu wapate hati, hawa si watu wako. Walikuwa wakweli kuniambia hivyo nilipowaulizia kiwanja cha shemeji yangu Goba: aanze na serikali ya mtaa na kampuni inayorasimisha mtaa mzima, asije akalipa peke yake kazi inayofanywa kwa pamoja.

Kibali cha ujenzi usiwape. Milioni moja na laki mbili kwa kupakia nyaraka ambazo msanifu na mhandisi wako wanaweza kuzipakia, halafu ukae gizani, haina maana. Ukilazimika kuwapa, namba ya simu iwe yako.

Mambo madogo. Ofisi iko ghorofa ya pili, lifti hakuna, kwa hiyo mwenye mzazi mwenye magoti amwache nyumbani aende na nakala za hati. Maegesho ni ya kugombania. Panda bodaboda au shukia kituo cha daladala utembee. Jumamosi wanafungua hadi saa saba mchana, na Jumamosi ndiyo siku dada mkuu yupo bila haraka. Risiti ya EFD walinipa kila nilipolipa bila kuombwa, ndiyo ile nusu nyota.

Kibali kimetoka. Hati mpya bado. Sasa ndugu wawili wanataka kila mmoja awe na hati ya sehemu yake ya jengo, jambo linalowezekana kwa sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, na ofisi imeshaniandikia bei ya kazi hiyo. Nimewarudishia mkataba na mistari miwili niliyoiongeza kwa kalamu: jina la mtu atakayeshika faili, na kiasi watakachonipunguzia bei kwa kila wiki watakayonyamaza baada ya kupokea ujumbe. Wamesema wataujadili. Wakisaini nitawapa, wasiposaini kuna dada mwingine Kijitonyama mwenye cheti ukutani.